Siti ya Fulgensi

Leo binti mmoja wa chuo ameniuliza swali.

Chuo chetu cha ualimu hapa Ngara kimeleta baiskeli za kutumia kwa zamu, za wanafunzi wote. Eti unafungua kwa simu!

Sisi tuliosoma hapa enzi za Ujamaa tulikuwa na moja tu, ya bweni zima. Nikishuka mimi anapanda Fulgensi, rafiki yangu, mfupi huyo! Kwa hiyo kila mara nilimshushia siti.

Leo wamenipa nijaribu. Nikazunguka uwanja, nikashuka, mkono ukashusha siti.

"Shikamoo babu. Mbona unashusha siti?"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Fulgensi alienda vita vya Kagera, hakurudi.

Wazee wenzangu, mikono yenu bado inamngoja nani?

Siti nimeiacha chini.