Karatasi ya Hofu

Sijawahi kuwa mtu jasiri, na sioni sababu ya kuanza kudanganya uzeeni. Nilipopata kazi ya ukarani katika maktaba ya Kibondo, miaka ya sabini, niliipenda kwa sababu niliamini kwamba vitabu having'ati. Wiki ya kwanza tu mkutubi wangu akanipeleka kwenye rafu ya nyuma ya mlango, akaniambia, "Hivi ndivyo vinavyong'ata, Karani. Uvitunze vizuri kuliko vingine."

Mkutubi huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Nyakitonto kule Kasulu, mwalimu wa zamani aliyeachana na chaki kwa sababu ya kifua. Alikuwa mrefu, na miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa uzi alioufunga sikioni. Wilaya nzima ilimwita Mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Maktaba yake ilikuwa vyumba viwili vya bati karibu na soko. Kiangazi vumbi jekundu lilipita chini ya mlango, masika ukaingia ukungu, na yeye alipigana na vyote viwili kwa kitambaa kimoja.

Wilaya ilituletea vitabu vya mbolea, vya kahawa, vya kuchimba choo, vya kulea watoto. Ni vitabu vyema, sivisemi vibaya. Lakini Mama alipenda hadithi za kutisha, na mapenzi yake hayakuwa ya kificho. Alisoma habari za maiti aliyetoka kaburini huku akicheka taratibu na kugonga meza kwa kidole, kama mtu anayesikiliza ngoma ya kwao. Nilipomuuliza anacheka nini, alijibu kwamba anamcheka mwandishi. "Ona anavyotungoja. Amejua tutageuza ukurasa, basi amekaa tu anatungoja."

Hadithi hizo nyingi zilikuwa za Kiingereza, zilikuja ndani ya sanduku la msaada, na Kibondo nzima waliokisoma Kiingereza kwa raha hawakujaa benchi moja. Basi Mama alizitafsiri. Alizitafsiri kwa mkono, kwenye madaftari ya mistari, kila alasiri wasomaji walipopungua. Wala hakutafsiri kama karani wa mahakama. Kasri la mawe likawa nyumba ya misheni iliyohamwa, mbwamwitu wakawa fisi, na farasi akawa baiskeli, ingawa aliponieleza hilo nilimwambia kwamba baiskeli haishtuki ikiona mzimu. Alifikiri kidogo, akaandika kwamba mnyororo ulikatika. Ukungu tu hakuubadili, tulikuwa nao wa kutosha.

Daftari likiisha alilivika jalada la karatasi ya kaki kwa gundi ya unga wa muhogo, kama alivyovivika vitabu vyote vya maktaba ili vumbi lisivile. Kwa hiyo kwenye rafu zetu kila kitu kilikuwa na sura moja. Ili kutofautisha, madaftari ya kutisha aliyashona uzi mweusi mgongoni. Nyuma ya kila daftari alibandika karatasi tupu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake kubwa: aliyerudisha daftari hakupigiwa muhuri mpaka ataje ukurasa uliomwogopesha kuliko yote. Mama aliuandika kwa penseli, pamoja na maneno ya msomaji. Tuliiita karatasi ya hofu.

Laiti ningekuwa nazo leo. Kila mwezi tulipanda lori la mazao na sanduku letu la vitabu vya kuazimisha kwenda Kasulu, na huko kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu mwenye asili ya pwani, mtu mwenye kitambi na heshima zake. Karatasi yake ilisema: "Ukurasa wa kumi na nne. Nimesimama hapo. Nitaendelea mke wangu akirudi safari." Mkulima mmoja aliandikiwa: "Ukurasa wa thelathini. Nilitoka nje kuhesabu mbuzi." Mama alizisoma karatasi hizo kama mtu anayesoma barua za ndugu zake. Alijua kwa kila hadithi hofu inakaa wapi, na mara nyingi watu kumi walitaja ukurasa ule ule, ule ambao maiti anafika mlangoni.

Jambo moja lilimsumbua. Kwetu Uha, nchi ya Waha, hadithi haisimuliwi mchana. Mchana ni wa jembe, na bibi zetu walitutisha kwamba anayesimulia jua likiwaka anaita njaa nyumbani kwao. Kwa hiyo hakuna aliyekubali kufungua daftari la uzi mweusi pale maktabani. Walikaa wakasoma ya mbolea, kisha wakaondoka na la maiti kwapani. Mimi nilifurahi. Sikuwahi kufungua hata moja, mchana wala wakati mwingine wowote, na uoga huo ndio ulionitia matatani.

Kulikuwa na mwanamke mkimbizi aliyefua shuka za hospitali. Alikuwa amevuka kutoka Burundi na watoto wawili, wakati ule walipovuka wengi, naye na mume wake walipotezana njiani; kila mmoja alikimbilia upande wake wa kijito. Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba likitokea lolote wakutane Kibondo. Basi Kibondo ndipo alipomngojea. Lakini malori yalikuwa yakija kuwahamisha wakimbizi kwenda makazi mapya, mbali sana, na waliobaki mjini ni wale wenye kazi ya kudumu. Yeye alikuwa kibarua. Matroni alimwambia waziwazi: akifaulu mtihani wa kisomo cha watu wazima, ataandikwa mhudumu wa wodi, kwa sababu mhudumu lazima asome jina la mgonjwa kitandani. Asipofaulu, atapanda lori. Mtihani ulikuwa baada ya miezi mitatu.

Alikuja kwetu kila Jumamosi akiwa na mikono iliyokauka kwa sabuni. Darasani alikuwa ameshajua herufi, ila kusoma kwake kulikuwa kwa kuvuta, neno baada ya neno, na kila mara alikwama. Mama, aliyempa hata mwenye duka hadithi za kumkosesha usingizi, huyu alimpa vitabu vya mbolea tu. Safari moja mwanamke alionyesha kidole kwenye rafu ya nyuma ya mlango. Mama akatikisa kichwa. "Hivyo si vizuri kwako, dada." Alipoondoka, Mama aliniambia kwamba mtu aliyekimbizwa porini na watoto mgongoni hahitaji hadithi za kukimbizwa. Niliona ni maneno ya huruma, na bado naamini yalikuwa hivyo.

Sasa lile kosa. Jumamosi moja Mama alikuwa Kasulu na sanduku, safari hiyo peke yake. Mwanamke akaja, nikamchukulia kitabu chembamba cha kaki juu ya meza, nikijua ni kile cha samadi. Hakikuwa na uzi mgongoni. Karani mwingine yeyote angekifunua aone ndani. Mimi nilikuwa nimejizoeza kutofunua chochote cha kaki ambacho sikukijua, nisije nikakutana na mambo. Nikaandika kadi, nikapiga muhuri, nikamtakia Jumapili njema.

Mama aliporudi aliuliza liko wapi daftari lake la maiti anayegonga mlango, lile alilolitoa uzi ili alishone upya.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa, akavua miwani, akasema, "Karani, umempa yule." Tukangoja Jumamosi iliyofuata, hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu Mama alifunga maktaba mchana kweupe, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya hata kwenye msiba, tukaenda hospitali kuomba radhi. Njiani alinung'unika peke yake. Alisema amekaa miaka yote akicheza na hofu kama mtoto na moto wa jikoni, na sasa amemchoma mtu ambaye tayari ana makovu.

Tulimkuta nyuma ya hospitali, kwenye kamba za shuka. Jua lilikuwa la utosini. Alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, daftari mapajani, na mbele yake wafuaji wenzake wanne wamechuchumaa, mikono imelegea, sabuni inawakaukia. Alikuwa akisoma kwa sauti. Bado alivuta maneno, lakini hakukwama. Alipofika neno gumu alilishika na kulisukuma mpaka likapita, kwa sababu alitaka kujua ng'ambo yake kuna nini. Tulisimama nyuma ya shuka moja tukasikiliza ukurasa mzima. Mimi pia nilisikiliza. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza ya kutisha kuingia masikioni mwangu, na miguu yangu ilikuwa tayari kuondoka.

Alipotuona alisimama, akalikumbatia daftari kifuani. "Mama, amahoro," alisalimu kwa Kirundi. "Nilijua mtakuja kulichukua. Sijamaliza."

"Sikuja kulichukua. Nimekuja kukuomba radhi," Mama alisema. "Lilikufikia kwa makosa."

"Makosa ya nani?"

Mama alininyooshea kidole bila hata kugeuka. Yule mwanamke akanitazama, akasema, "Ewe, Mungu akubariki," kisha akamgeukia Mama, na sasa alikuwa amekasirika. "Mwezi mzima umenipa samadi. Mimi nina ng'ombe? Nina shamba? Wengine wote unawapa hivi. Mimi ukaniona nimevunjika."

 Mama akauliza, kwa sauti ndogo, kama haogopi kuyasoma mambo kama hayo.

"Oya, siogopi. Huyu maiti anagonga mlango," mwanamke alijibu. "Wale waliokuja kwetu hawakugonga."

Mmoja wa wafuaji alimkumbusha kwamba hata kwao hadithi haisomwi mchana. Mwanamke akasema analijua hilo sana, ila usiku ana mambo yake mwenyewe ya kufikiri, na mchana ndio wakati wa kuogopa habari za watu wengine. Hapo nilimwona Mama akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akafanya jambo linalonifanya nimheshimu mpaka leo. Hakuanza kujieleza. Aliketi chini kwenye majani yaliyolowa maji ya sabuni, na sketi yake nzuri, akasema, "Haya, endelea. Hapo ulipofika, usikimbilie. Ukiona nukta, ngoja. Uwaache wateseke kidogo."

Tangu siku ile alikwenda kwenye kamba za shuka kila mchana, wiki tano zilizobaki. Mimi nilibaki na maktaba, na nikaanza, kwa aibu, kufunua vitabu vya kaki.

Siku ya mtihani tulisimama dirishani pamoja na wafuaji. Mtahini alitoka mkoani, kijana msafi mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimpa karatasi asome kwa sauti. Ilikuwa habari ya choo bora. Mwanamke akaishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaanza. "Chagua mahali mbali na nyumba." Akangoja kwenye nukta. "Chimba shimo." Akangoja tena. "Shimo liwe refu kuliko mtu."  Mtahini aliacha kuandika. Aliposoma kwamba shimo lifunikwe vizuri kwa kifuniko kizito, mfuaji mmoja pembeni yangu alinishika mkono, na nakiri kwamba mimi pia nilikuwa nangoja kuona ni nini kitatoka humo. Ikaja habari ya nzi, ikaisha. Mtahini alijikohoza, akaomba asome tena aya ya mwisho, na sidhani alihitaji kuisikia kwa ajili ya alama.

Alifaulu. Majina yalipobandikwa ukutani alilisoma jina lake mwenyewe, akalisoma tena, halafu akawasomea na ya wengine wote waliokuwa wamesimama pale. Malori yalikuja na kuondoka, naye akabaki wodini na sare yake ya kijani. Mume wake alikuwa bado hajafika.

Jumamosi iliyofuata alileta daftari. Mama alifunua nyuma, akachukua penseli, akauliza kama alivyouliza watu wote, "Ukurasa gani?" Mwanamke akaomba penseli. Hakuna msomaji aliyewahi kuomba kuandika mwenyewe. Aliinama, akaandika polepole kwa herufi kubwa, akarudisha daftari, akatuaga, akawahi zamu yake.

Mama alisoma, kisha akanisukumia. Juu walikuwa watu kumi na mmoja, na wote walitaja ukurasa wa ishirini na mbili, pale maiti anapogonga. Chini yao mwanamke aliandika: "UKURASA WA KWANZA. WANAKULA. BABA ANACHEKA. HAWAJUI."

Nilifunua ukurasa wa kwanza. Ni kweli, kulikuwa na familia, jioni, ugali na maharage, baba akimtania mtoto kwa kula haraka. Nilimwambia Mama kwamba mwandishi wa Kizungu alijua kazi yake.

"Ukurasa huo haumo kwenye Kiingereza," Mama alisema. "Kile kitabu kinaanzia makaburini. Niliwatungia chakula ili tu hadithi ipate pa kuanzia."

Akalichukua daftari, akalishona uzi mweusi mgongoni, kisha akakaa akausoma ukurasa wake ule mwenyewe mara nyingi. Safari hii hakucheka, wala kidole hakikugonga meza.