Gauche wa Dakika ya Themanini

Bunia nzima ilimuita Vital "Gauche". Muguu wa kushoto, mukono wa kushoto; hata matofali aliyapanga na kushoto, maana kazi yake ilikuwa uashi. Toka 1974, miaka kumi na moja, alichezea timu yetu akiwa juu ya banc, kiti cha wachezaji wa akiba. Kocha Isidore alikuwa anamuingiza dakika ya themanini tu, beki wa wapinzani wakiwa wamechoka, apige kona na coup franc, mipira ya adhabu. Magoli aliyotupatia sitayahesabu, nitashikwa na hasira ya bure.

"Weye ni dawa," Isidore alikuwa anamuambia. "Nani anakula dawa kama chakula, asubuhi na mangaribi?"

Muke wake, Bernadette, aliuza samaki sokoni. Hakuwa anafunga meza mapema; afunge ya nini, na bwana yake anaingia mwishoni? Vital alitaka kitu kimoja tu mbele ya kuacha mupira: kuanza mechi moja akiwa mu wale kumi na moja wa kwanza, Bernadette akimuangalia.

Mwaka wa 1985, fainali na watu wa Mongbwalu, Isidore alikubali. Alimupa na ukapiteni. Bernadette alivaa kikwembe kipya, akafika uwanjani wa kwanza, watu wengine hawajafika.

Sasa, wachezaji wanaoanza mechi ndio wanaopanga mustari kusalimia wakubwa wa serikali. Wa banc hawasalimii mutu. Kwa hiyo Vital, na uzee wake ule wote wa mupira, hakuwa amesimama mu ule mustari hata siku moja. Kwa sababu ni kapiteni, walimupa fanion, kile kibendera cha timu. Mama yake alimufundisha na fimbo kwamba kitu cha heshima kinashikwa na mukono wa kuume. Akakishika na wa kuume, sawasawa. Mukubwa wa zone, mutawala wa eneo letu, akafika mbele yake, akanyoosha mukono. Vital akamupa ule uliokuwa wazi, wa kushoto.

Mukubwa alirudisha wa kwake, akaupangusa ku suruali. Rais wa timu akamunong'oneza Isidore, na Isidore akakuja, macho chini.

"Kaka, rudi ku banc. Haiko mimi niliyeamua."

Filimbi ikalia bila yeye. Nasema wazi: alitupwa mbele ya muke wake kwa sababu ya adabu aliyofundishwa, na uwanja muzima ulinyamaza. Aibu yetu sote.

Dakika ya themanini, sifuri kwa sifuri, tukapata kona.

"Gauche, ingia."

Bernadette, ku kamba ya kando ya uwanja, akatikisa kichwa kumukataza. Vital aliingia. Aliweka mupira, akarudi nyuma hatua tatu, akaupiga na muguu wa kuume. Si walitaka wa kuume? Mupira ulianguka mikononi mwa kipa kama embe bovu, kipa akautupa mbele, na Mongbwalu wakafunga.

Watu walisema amezeeka. Hakuna aliyemuita tena.

Nyumbani Bernadette alimuwekea bugali. "Uliwaonyesha," alisema.

"Hapana." Vital alikuwa analia, hakujificha. "Nilikuwa nataka tushinde, mama. Ile kona, na muguu wa kushoto, ilikuwa goli."