Mdomo wa Kushoto

Juzi mume wangu alikuwa ameketi sebuleni na simu yake, anamsikiliza mzungu mmoja akieleza namna ya kuchagua mdomo wa bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo, kwa kuwinda wanyama wadogo. Siku hizi, kumbe, mdomo unafungwa na kufunguliwa kwa kuzungusha tu: huu umebanwa, huu uko wazi, chagua unaotaka. Akaniuliza kwa mzaha, "Wewe Maman, kwa sungura ungefunga upi?" Nikamjibu huku napanga sahani: ule ulio wazi, ila umwache sungura akimbie kidogo kwanza. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Tumeoana miaka kumi na sita na hajawahi kusikia habari ya bunduki ya babu yangu. Nilimwambia niliyasikia redioni. Wewe, rafiki yangu, ngoja nikusimulie ukweli.

Tulirudi Rwanda nikiwa na miaka tisa. Nasema "tulirudi" kwa mazoea tu, maana mimi nilizaliwa Kongo, na Rwanda nilikuwa nikiiona ng'ambo ya mto kama shamba la jirani. Baba na mama walishuka Bugarama kulima mpunga, sisi watoto watatu tukabaki Nyakarenzo kwa babu na bibi, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye migomba nyuma. Baba mdogo, kitinda mimba wa babu, alikaa nasi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, anayepiga mluzi nyimbo za Kilingala tangu anapoanza kufua shati mpaka linapokauka. Nilimpenda sana. Ndiye aliyenibeba mgongoni siku tulipovuka daraja.

Kule Kongo babu alikuwa mwindaji wa shamba la kahawa, kazi yake kuleta kware na kanga kwa meza ya bwana mkubwa. Bwana alipoondoka alimwachia bunduki, kaliba duzi, yaani namba kumi na mbili, ya mitutu miwili. Babu aliivusha ikiwa vipandevipande, mitutu ndani ya godoro, kitako ndani ya gunia la unga wa muhogo. Kwa haki alipaswa kuikabidhi kwa serikali, pale komini, siku ileile. Hakuikabidhi, na bibi hakumpa raha.

"Sufuria yangu kubwa ilibakia kule kwa ajili ya hiki chuma chako," alikuwa akimwambia, na babu anajifanya hasikii.

Bunduki ile haikulia hata mara moja Nyakarenzo. Nani angethubutu? Miaka ile mlango ukijibamiza tu, watu wanalala chini. Lakini Jumapili baada ya misa, bibi akishaanza kukaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, na nyumba nzima kunukia, babu alifunga mlango wa mbele, akatoa vile vipande uvunguni, akavipangusa kwa mafuta ya cherehani, akaviunga. Alitufundisha kwamba mitutu ile si mapacha. Kidole chake cha shahada kilizama katika mdomo wa kulia, katika ule wa kushoto kikakwama kwenye pingili, kwa kuwa umebanwa kidogo mwishoni. Yeye aliuita shoki, neno la bwana wake. Mdomo wa kulia hutawanya marisau mapema, unafaa mnyama wa karibu na mwenye mbio. Wa kushoto huyashikilia pamoja hadi mbali. Ukikosea ukapiga karibu kwa kushoto, nyama inakuwa uji wenye risasi. Ukikosea ukapiga mbali kwa kulia, unamjeruhi mnyama bure anakwenda kufia vichakani, na hilo babu alilichukia kuliko kukosa kabisa.

Basi ukawa mchezo. Babu anafumba macho, anatwambia anachokiona.

"Sungura! Iko inatoka mu majani, hatua kumi na tano. Mudomo gani?"

"Kulia!"

"Kanga, iko juu ya muti, hatua makumi ine. Mudomo gani?"

"Kushoto!"

"Kware mbili zinaruka pamoja?"

Hapo kaka zangu walikuwa wanapotea. Mimi najibu: kulia kwanza, halafu kushoto, kwa sababu wa pili atakuwa ameshafika mbali. Anayewahi ndiye wa kwanza kuchagua sambaza kwenye sinia. Sikumwachia mtu. Nilikuwa mtoto wa kike mwembamba, shuleni najikwaa na Kinyarwanda changu mpaka darasa linacheka, na pale nyuma ya mlango uliofungwa nilikuwa bingwa. Sijawahi kuwa bingwa wa kitu kingine tangu hapo.

Halafu wakaanza kuvuka. Tulisikia kwamba watu wenye silaha wanatoka Kongo, wanapiga nyumba za vilima vya jirani na kurudi. Wanaume wa kwetu wakapangiwa zamu za ulinzi na fimbo na filimbi. Baba mdogo aliwekwa kundi la kwanza, na ule mluzi wa Kilingala ukakoma nyumbani.

Jumapili moja alikuja akachuchumaa kati yetu wakati wa mchezo, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Papa, na miye niulize moja?"

Babu akacheka. "Uliza."

"Muntu. Anapanda kilima, hatua makumi tatu. Mudomo gani?"

"Kushoto!" nikasema.

Nilisema kwa sauti, kabla ya kaka zangu, tena nikanyoosha mkono kudai sambaza wangu. Hakuna aliyecheka. Bibi aliacha kugeuza samaki kikaangoni. Babu alinitazama, mimi, si mwanawe, na sura yake sina namna ya kukueleza. Akaanza kuifungua bunduki, akavifunga vipande vyake kwenye mkeka.

"Papa, bale banakuya na bunduki," baba mdogo akasema. "Miye nitabangoja na fimbo?"

"Utabangoja na filimbi. Basoda bako karibu. Hii bunduki haijui muntu."

Kesho yake asubuhi babu alibeba mkeka kwenda komini. Bibi alilia, alijua wanaweza kumfunga kwa kuificha muda wote ule. Kabla ya kutoka, babu aliinama mbele yangu. "Haiko kosa yako," aliniambia. "Miye njo nilikufunza." Walimweka siku mbili kwa maswali, akarudi mikono mitupu, mwepesi, karibu ana furaha.

Wiki ya tatu walifika kilimani kwetu. Baba mdogo alipiga filimbi, majirani wote waliisikia, na askari walikuja kweli, ila si upesi. Kulipokucha wanaume wanne walimlaza kwenye machela wakashika njia ya miguu kwenda hospitali ya Mibirizi, bibi akiwafuata na blanketi. Walirudi naye kabla hawajafika huko, blanketi limemfunika hadi usoni.

Hatukuucheza tena ule mchezo. Bibi aliwahi kusema mara moja tu, akimenya ndizi, "Angekuwa na ile bunduki..." Babu akainuka akaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamefungwa tayari. Waliishi pamoja miaka mingine kumi na moja, wakila sahani moja, na neno lile halikumaliziwa.

Sasa wote wamelala Nyakarenzo, na nyumba tuliiuza. Babu alitaka mikono ya mwanawe isijue kuua mtu, na haikujua. Siku nyingine namwona shujaa, siku nyingine namkasirikia. Mimi najiambia nilikuwa mtoto, nilijibu mchezo tu, na mtu yeyote mwenye akili angeniambia hivyohivyo. Lakini hatua thelathini, mlengwa anapanda, kati ya mdomo uliobanwa na ule ulio wazi: babu alinifundisha vizuri. Jibu langu lilikuwa sahihi.