Mashuka ya Gesti na Nyanya za Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alikuwa dobi. Kwa miaka ishirini na mbili aliamka, akajifunga aproni, akaingiza mikono kwenye karai, na mikono yenyewe ilikuwa imefika mahali ambapo hata siku ya mapumziko ilibaki na makunyanzi, kana kwamba haijapewa taarifa. Alifua nguo za majirani, makoti ya wauguzi wa zahanati, na mashuka yote ya gesti iliyokuwa kwenye kona ya barabara. Hakuwahi kupoteza hata soksi.

Mumewe, watu waliendelea kumwita Tarishi ingawa alikuwa amestaafu. Miaka ishirini na sita alibeba barua na mafaili katika ofisi ya hali ya hewa, kutoka chumba namba mbili kwenda chumba namba saba na kurudi. Hakuna aliyewahi kumfundisha chochote kuhusu hali ya hewa, lakini mtu hawezi kubeba mvua ya nchi nzima kwapani miaka yote hiyo asijione mtaalamu. Watu wakimuuliza kama mvua itanyesha, alitazama juu, akakohoa, akatoa jibu. Mara nyingi alikosea. Hakuyumba.

Walikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali, nyumba ya vyumba viwili na kijichumba cha pasi, na uwanja wa nyuma wenye kamba sita za kuanikia. Chini ya kamba hizo hapakuota kitu. Maji ya sabuni yalishaiua ardhi ile zamani, na hata magugu yalikuwa yamekata tamaa.

Siku moja, wakinywa chai, Mama Povu alisema anataka bustani.

"Bustani ya nini?" Tarishi aliuliza.

"Ya mboga."

"Si zipo sokoni?"

"Najua zipo."

Mazungumzo yakaishia hapo, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa na maana kwamba jambo limepitishwa.

Alibeba udongo kutoka bondeni kwa karai la kufulia, kichwani, jioni baada ya jioni, mpaka akapata matuta tisa kando ya ukuta, mbali na maji ya sabuni. Msimu wa kwanza maharage yaliota ya manjano, yakafa. Majirani walimuuliza kama nyanya zake zitatoa povu. Msimu wa pili wadudu walikula kila kitu isipokuwa vijiti. Msimu wa tatu, kwa ushauri wa muuza miche wa pale mtaani, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara, bustani ilishika. Matuta manne yalikuwa ya nyanya, mawili ya maharage, moja la pilipili hoho, na mawili ya kabichi. Nyanya za kwanza zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Mama Povu alizitembelea kila asubuhi kabla hajamsalimia mumewe. Mumewe alilijua hilo na alikuwa amelimeza.

Kalenda ya jikoni ilionyesha wiki sita nzima kabla ya majira ya baridi. Lakini Jumanne moja, jua likiwa limeanza kuinama, Mama Povu alikuwa akianua nguo, akasimama. Nguo zilikuwa kavu, lakini za baridi kama bati. Upepo ulikuwa umekatika ghafla. Mbingu ilikuwa tupu, hata wingu la kubahatisha halikuwepo. Moshi wa jirani, badala ya kupanda juu, ulikuwa unatambaa kwenye paa kama mtu anayetafuta mlango.

"Mzee," aliita, "leo kuna baridi ya kuua mimea."

Tarishi alitoka nje, akatazama juu, akakohoa. "Haiwezekani. Baridi bado wiki sita."

"Nani kaiambia?"

"Nani kaiambia nini?"

"Baridi. Kwamba bado wiki sita."

Tarishi alieleza kwamba mambo hayo yana utaratibu wake. Alipofika katikati ya utaratibu, mkewe alishatoka getini.

Alimkuta muuza miche akihamishia trei za miche sebuleni kwake, nyingine ziko juu ya kochi.

"Shoga yangu, una saa mbili, zisizidi," alisema bila kusimama. "Mwagilia udongo sasa hivi, maana udongo mkavu haushiki joto. Halafu funika. Kitambaa, sio nailoni. Nailoni ikigusa jani, jani linaungua. Simika vijiti kitambaa kikae kama hema, kifike chini kabisa, ukikandamize kwa mawe. Kabichi achana nazo, zile zinajitetea. Na asubuhi usifunue mpaka jua lipate nguvu."

"Sijui kama vitambaa vitanitosha."

Muuza miche akasimama kwa mara ya kwanza. "Wewe? Si ndiye dobi?"

Mama Povu alirudi nyumbani mbio, kwa kadiri mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia bila kuonekana na mtaa. Alimwagilia. Tarishi alimshikia vijiti, lakini alisisitiza kwamba anafanya hivyo kama mume, sio kama mtu wa hali ya hewa. Walifunika tuta la kwanza la nyanya kwa mablanketi yao mawili, na la pili kwa mapazia ya sebuleni na mashuka ya kitanda chao. Vitambaa vya meza na magunia viliishia kwenye tuta la kwanza la maharage. Tuta la pili la maharage Tarishi alilifunika kwa nailoni wakati mkewe hatazami, kwa kuwa ilikuwa karibu na alikuwa amechoka kutembea. Zilibaki pilipili hoho. Tarishi alikuwa amevaa koti lake zito la ofisi, lenye nembo kifuani. Alikuwa amelivaa, alisema, kwa ajili ya heshima tu. Mama Povu alilitazama koti, kisha akatazama pilipili. Tarishi akalivua.

Bado matuta mawili ya nyanya, na jua lilikuwa juu ya mapaa.

Mama Povu aliingia kwenye chumba cha pasi. Juu ya rafu yalikuwepo mashuka arobaini ya gesti, meupe, yamepigwa pasi na kukunjwa, kila moja lina herufi ya uzi mwekundu pembeni. Yalikuwa ya kuchukuliwa asubuhi. Alisimama mbele yake muda mrefu kiasi cha Tarishi kuja kuchungulia mlangoni.

"Hayo sio yetu," alisema Tarishi.

"Najua. Nimeyafua miaka kumi na tisa."

"Meneja atasemaje?"

"Sijui."

"Na ukiyaacha?"

Mama Povu alikwenda akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, akachukua mashuka manane. Aliyabeba kwa mikono yote miwili, kama mtu anayebeba mtoto wa watu. Kila alipotandaza moja juu ya vijiti alinyoosha mikunjo yake kwa kiganja. Alitandaza yote manane.

Walilala wamevaa nguo zote walizobakiwa nazo, wamejifunika kitambaa kinene cha meza ya pasi, ambacho kilinuka moshi na hakikufika miguuni.

Asubuhi majani ya karibu na geti yalikuwa meupe na yalivunjika chini ya viatu. Maji ya kwenye karai yalikuwa yamefanya ngozi ya barafu. Tarishi alichuchumaa, akaigusa kwa kidole.

"Jalidi," alisema. "Nimelibeba neno hili miaka ishirini na sita." Akaendelea kuigusa ile barafu. "Kumbe ndiyo hii."

Hawakufunua. Walisimama wakisubiri jua, mikono kwapani, na hapo ndipo meneja wa gesti alipofika. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyenyoosha suruali hata siku za Jumapili, na kwa kawaida alimtuma mtu. Siku hiyo alikuja mwenyewe. Aliingia getini, akaona matuta, akaona weupe, akasogea karibu mpaka akaziona herufi nyekundu.

"Mama, hayo ni mashuka yangu?"

"Ni yako, bwana meneja."

"Yanafanya nini?"

"Yamefunika nyanya."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na baridi."

"Wageni wangu nao walisikia baridi," alisema meneja.

Tarishi alikohoa, lakini hapakufuata kitu. Meneja alichukua mashuka thelathini na mawili yaliyokuwa kwenye rafu, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Jua lilipopata nguvu, walifunua. Nyanya zilikuwa hai, isipokuwa mashina matatu ya mwishoni, ambako shuka liliteleza. Pilipili hoho zilikuwa nzima chini ya koti. Maharage ya kwenye nailoni yalikuwa meusi kama yamechemshwa. Mama Povu aliinua nailoni, akamtazama mumewe.

"Ilikuwa karibu," alisema Tarishi.

Bustani nyingine zote za mtaa zilikufa siku ile. Baridi yenyewe ilikuja usiku huo mmoja, ikaondoka, ikarudi wiki sita baadaye kama kalenda ilivyosema. Tarishi alilitaja jambo hilo mara kadhaa.

Yale mashuka manane Mama Povu aliyafua mara tatu. Rangi ya majani ya nyanya ilitoka kwenye saba. La nane lilibaki na doa la kijani, dogo kama kidole gumba. Angeweza kulikunja doa likaingia ndani, na kazi ya kukunja aliijua kuliko mtu yeyote mtaani. Aliliweka shuka hilo juu ya mengine yote, doa likitazama mbinguni, akayapeleka mwenyewe.

"Hili ni doa," alisema meneja.

"Jani la nyanya."

"Miaka kumi na tisa hujawahi kuniletea doa."

"Sijawahi."

"Sasa mbona umeliweka juu?"

"Ulione."

Meneja aliyapokea mashuka, na kuanzia siku hiyo akampa kazi dobi mwingine. Mama Povu alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Aliipangusa ile rafu tupu, akaipangusa tena, akaketi kwenye kiti cha pasi akalia kidogo, bila sauti, kama mtu anayemaliza shughuli ndogo. Tarishi alimletea chai, akaiweka pale, akatoka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakutoa maelezo.

Nyanya ziliiva. Hakuna mwingine aliyekuwa nazo, kwa hiyo wale waliouliza habari za povu walikuja na vikapu, wakazungumzia mambo mengine. Alikuja pia mpishi wa gesti, kila baada ya siku tatu, akichagua kubwa kubwa. Mama Povu alimchagulia kubwa zaidi, hakumuuliza habari za mtu yeyote.

Mwezi wa tatu baada ya hapo meneja alifika mwenyewe, na furushi begani.

"Yule dobi mwingine hajui kukunja," alisema.

"Yote haya?"

"Ni nusu. Nusu nyingine bado natafakari."

"Sawa."

Meneja hakuondoka. Alikuwa akitazama matuta, yaliyokuwa yamelimwa upya. "Na hiyo baridi ikija tena kabla ya wakati?"

"Nitakuja kukuomba kwanza."

"Nikikataa?"

Mama Povu alifikiri. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

"Nitakuwa nimekuomba," alisema.

Meneja akalishusha furushi, akalisogeza kwa mguu mpaka likafika karibu na karai, akaenda zake. Mama Povu akalifungua, akaanza kuchambua mashuka, yenye madoa upande huu, yasiyo na madoa upande ule.