Siku Bibi Alipoliruhusu Shoka

Juzi, saa nane kasorobo mchana, nilikuwa nikipita Gombani nilipowaona vijana wa zimamoto wakifanya mazoezi. Mpira wa maji ulivimba ghafla, ukanyooka juu ya vumbi, na harufu ya udongo uliolowa ikanichukua, rafiki yangu, hadi kwenye kiangazi kile ambacho msitu wa nyuma ya shamba la bibi uliungua.

Vuli ilikuwa imepita bila mvua ya kutosha. Warina asali waliacha mwenge wao chini ya mti, na kufikia adhuhuri moshi ulikuwa umetanda juu ya msitu, mweupe, mpole, kama mvuke wa chungu cha wali. Sisi watoto tuliuona mzuri. Majivu yalituangukia taratibu, nasi tukayadaka kwa viganja.

Gari la zimamoto lilifika, likakomea barabarani. Njia ya kupanda ilikuwa nyembamba, na mpira haukufika hata nusu ya mlima.

"Gari lako laogopa mlima, mwanangu?" jirani yetu, mama mwenye maneno, alimuuliza dereva.

"Halina miguu, Bi mkubwa. Tuazime yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake walijipanga kutoka garini hadi juu, ndoo zikapita mkono kwa mkono mpaka kwa wanaume waliobeba mabomba ya mgongoni, yale ya kupulizia dawa mashambani. Bwana miti, ofisa wa misitu, aliwapanga wengine: mashoka mbele, mapanga yafuate, kisha majembe yachimbe mpaka udongo mwekundu, na mwisho reki zikokote kila jani. Mabomba yalilowesha ukingo. Moto ukikuta ukanda usio na kitu cha kula, alisema, utasimama. Chini yetu zilikuwa nyumba za makuti.

Kazi ilikwenda vizuri hadi mashoka yalipofika kwa bibi. Hapo yakanyamaza. Upande mmoja palikuwa na korongo. Ukanda haukuwa na pa kupita ila kwenye safu yake ya juu ya mikarafuu, matawi yameinama kwa karafuu zilizokaribia kuchumwa. Kwetu mtu hakati mkarafuu hivi hivi. Hata mwenyewe huomba ruhusa serikalini. Bwana miti angeweza kuamuru, lakini alimtazama bibi. Huko juu moto ulisikika ukitafuna magugu.

Bibi aliweka kiganja kwenye shina la kwanza.

"Huu kaupanda babu yenu." Akaondoa mkono. "Haya, mwangoja nini? Mwataka nilishike shoka mimi?"

Miti ikaanguka, ikaburutwa upande wa nyumba. Moto ulifika jua likielekea kuzama, ukaulamba udongo mtupu, ukainama, ukafa.

Wale wanawake wa ndoo hawakurudi makwao. Walikaa kuizunguka miti iliyolala, wakachuma karafuu zote huku wakiimba kwa sauti za chini, vidole vikinukia. Bibi alileta kopo lake la pishi ili apime kazi ya kila mmoja na kuwalipa. Jirani yetu alilipokonya, akalipindua, akalikalia.

"Kama ni kupima, Bi mkubwa, anza na maji."

Walicheka mpaka bibi naye akacheka, machozi yakimtoka.

Safu ile haikupandwa tena. Nikisimama penye pengo lake naziona nyumba zote za chini, mabati badala ya makuti, na siwajui hata nusu ya wanaoishi ndani yake.