Mama Aliyenisindikiza Kutoka Kentucky

Ukitaka niape nitaapa, ingawa mama yangu alinikataza kuapa. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, nikiwa sijanywa kitu zaidi ya soda. Nalisema hili mapema kwa sababu najua watu wa mtaa wetu hapa Buffalo wanavyonicheka. Wanasema mimi ni mtu wa ndoto. Ni kweli, naota sana. Lakini ndoto zangu ni za nyumba, bustani ya maharage na mbuzi wawili. Sijawahi kuota mtu aliyekufa.

Mimi ni Mrundi niliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, Tanzania. Amerika nilikuja nikiwa na miaka kumi na minne. Shule haikunipenda sana, basi nikaingia ghalani kule Cheektowaga kupanga maboksi, na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Tunaishi juu ya duka karibu na Grant Street, mimi na mke wangu Joselyne. Chini wanakaanga samaki tangu asubuhi. Juu yetu kuna jamaa anayefanya mazoezi ya ngoma za kanisani, na hajui kuzipiga. Joselyne alipobeba mimba yetu ya kwanza nikaanza kuwaza: mtoto atachezea wapi? Kwenye hizi ngazi? Kwenye theluji?

Kila mtu alikuwa anasema Kusini. Kusini kuna joto, nyumba zina uwanja, mtoto anakimbia mpaka anachoka mwenyewe. Nikatafuta kwenye simu usiku na mchana mpaka nikaiona: nyumba ya kupanga katika mji mdogo wa Kentucky, mwendo wa saa moja na nusu kusini ya Louisville. Mji sitautaja. Vyumba vitatu, veranda ya mbao, uwanja mkubwa nyuma, na kiwanda cha vipuri vya magari jirani kilichokuwa kinatafuta wafanyakazi. Mwenye nyumba alikuwa mzee Mzungu, hapa nitamwita Bwana Ray. Akaniambia, njoo uione, lakini nataka jibu kabla Jumapili haijaisha, kuna mwingine anaisubiri.

Mimba ilikuwa ya miezi saba, Joselyne asingeweza safari ile.

"Nenda wewe," akasema. "Lakini nakujua. Usione nyasi tu ukanunua mbuzi."

"Mmoja tu?"

"Hata mguu wake. Na ukisema nyumba ni nzuri, basi nafunga mizigo. Nakuamini, Baba Mtoto."

Unaona mzigo niliobebeshwa? Maisha ya watu watatu, na mmoja bado hajazaliwa.

Ijumaa nikatoka kazini nikaendesha moja kwa moja mpaka Columbus, nikalala Gahanna, pembeni mwa mji huo, kwa kaka yangu Deo, mtoto wa baba mkubwa. Jumamosi asubuhi nikashika njia ya kusini, nikapita Louisville, na saa nane mchana nikafika.

Mji wenyewe ni barabara moja, kanisa la matofali mekundu, duka la chakula cha mifugo, na nyumba zilizoachana kama watu waliogombana. Ramani ya simu ilinikatikia mbele ya kanisa, nikaacha gari hapo nikaenda kwa miguu. Kimya! Kambini kulikuwa na kelele, Buffalo kuna kelele, na mimi nilidhani dunia nzima iko hivyo. Kule nilisikia viatu vyangu.

Ufunguo ulikuwa kwenye kisanduku mlangoni, kama Bwana Ray alivyosema. Nikaingia, nikazunguka chumba hadi chumba. Nikachagua cha mtoto, chenye dirisha la upande wa asubuhi. Nikasimama pale kitanda kitakapokaa, nikaimba. Peke yangu, mtu mzima! Ningekwambia nilivyofurahi usingeamini.

Nikatoka nyuma. Jirani kulikuwa na nyumba ndogo ya buluu, mapazia yamefungwa, nyasi zimefika magotini. Sasa kwetu huwezi kutazama nyumba ukaondoka bila kumsalimu jirani. Nikasogea mpaka mpakani, na kwa mazoea tu nikaita, "Hodi!" Halafu nikajicheka. Nani Kentucky anajua hodi?

"Karibu!"

Moyo uliruka, lakini kwa furaha, sikudanganyi. Kwenye veranda alikuwa amesimama mama wa makamo, kitenge cha manjano chenye ndege, kitambaa kichwani, kandambili miguuni.

"Karibu, mutoto yangu. Usisimame kwenye jua."

"Shikamoo, mama."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Shikamoo! Weye ni wa Tanzania."

"Wa kambini, mama. Mrundi."

"Aa, bon. Miye Mukongomani wa Uvira. Lakini kambi ya Nyarugusu nilikaa miaka kumi na mbili, nilichoka na maharage."

Tukacheka wote. Akaniletea maji kwenye kikombe chekundu cha plastiki. Nilikunywa kikombe kizima, na kiu yangu ikabaki palepale, kama sikunywa. Ilinipasa nijue hapo. Nikasema ni uchovu wa safari.

"Donc, basi unakuja kukaa hapa?"

"Nikipenda, mama. Mke wangu anajifungua mwezi wa kwanza."

"Leta yeye. Leta yeye haraka." Aliinama mbele. "Huku ni kuzuri. Hakuna vita, hakuna mwizi, hakuna kelele. Unalala. Unalala sana."

"Na watoto wako, mama?"

"Balienda Columbus. Kazi. Kwanza mukubwa, kisha mudogo."

"Na majirani wakoje?"

"Ni watu wazuri, siwezi kusema mubaya. Wananipungia mukono." Akainua mkono kunionyesha. "Hivi. Asubuhi, hivi. Magaribi, hivi."

Mkono ulikaa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikaaga.

"Ngoja nikusindikize," akasema.

Hapa lazima nikueleze, hasa wewe kijana uliyekulia huku. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Mwenyeji anamsindikiza njiani, mnaongea, na haishii anapotaka yeye. Ni mgeni ndiye anayemwachia: "Inatosha, mama, rudi sasa." Mpaka aseme hivyo, mwenyeji anaendelea kutembea. Kumwacha bila neno ni kumwacha akining'inia. Mtoto wa miaka mitano kambini anajua.

Tulitembea mpaka kanisani, akiniuliza habari za Kigoma, kama mvua bado ni zile zile. Nyasi alizokanyaga hazikulala, hilo nililikumbuka baadaye. Tulipofika kwenye gari simu ikalia. Joselyne.

"Eh, niambie!"

"Mke wangu, ni paradiso! Na kuna mama wa kwetu jirani!"

Nikaingia ndani ya gari naongea, nikawasha, nikampungia mama mkono kwenye kioo, nikaondoka. Sikumwambia rudi. Ndiyo hivyo tu. Kosa dogo la mtu mwenye simu sikioni.

Kwenye kioo nilimwona bado anatembea nyuma yangu, katikati ya barabara. Nikasema labda anakwenda dukani.

Louisville nikasimama kuweka mafuta. Saa moja na nusu nimeendesha, tena kwa kasi ambayo sitaitaja. Nikainua macho, ng'ambo ya barabara, kando ya uzio wa maegesho, anakuja. Kitenge cha manjano. Hakukimbia, hakunyoosha mkono. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja neno. Nilitoka pale hata kifuniko cha tangi sikukifunga.

Gahanna sikumwambia Deo kitu, nikalala, au nilijilaza. Asubuhi nikafungua pazia. Alikuwa mwisho wa mtaa, ananijia polepole, kandambili moja imekatika, anaiburuta.

Nikampigia Bwana Ray. Bado nilitaka ile nyumba, unisamehe, niliitaka. Nikamwambia naipenda, ila naomba kujua habari za yule mama wa nyumba ya buluu.

Akasema nyumba ile haina mtu tangu mwaka juzi. Alikuwepo mama mmoja Mwafrika, mpole sana, Kiingereza hakujua. Wanawe walihama wakamwacha kwanza, wakisema watamchukua. Alifariki wakati wa baridi, akakutwa siku ya tatu. Wakamzika nyuma ya kanisa. Wanawe walikuja asubuhi, jioni wakaondoka, walikuwa na zamu kazini.

"Alikuwa na tabia moja ya ajabu," akasema. "Mtu yeyote akifika kwake, hata mleta barua, alimfuata mpaka barabarani. Tulidhani anapotea. Tukawa tunampakia kwenye gari tunamrudisha nyumbani. Hatukujua alikuwa anataka nini."

Nikakaa chini. Deo alikuwa ananitazama na kikombe chake cha chai. Ikabidi nimwambie yote. Nilitegemea anicheke, maana Deo anacheka hata msibani. Hakucheka.

"Bwana mdogo, ulimwambia arudi?"

"Hapana."

"Mungu wangu." Akaweka kikombe. "Sasa anakusindikiza tu. Atasimama wapi?"

Jumapili hiyo sikutazama kioo cha gari mpaka Buffalo. Nilifika saa kumi na moja jioni, theluji ya kwanza ikianza kudondoka. Nikampata Joselyne dirishani, maboksi mawili tayari ameyafunga kwa utepe wa gundi. Alikuwa ananingojea niseme jibu, tumpigie Bwana Ray. Nikafungua mdomo, na yeye akageuka akatazama chini barabarani.

"Mbona yule mama hana koti?" akasema. "Na amevaa kandambili. Baba Mtoto, mwite apande apate chai."

Umesikia? Yeye alimwona. Sikuwa nimemwambia kitu.

Nilishuka. Grant Street ilikuwa na watu, wanatoka madukani na mifuko yao, wanamkwepa kama unavyokwepa mti, bila kumtazama. Theluji ilikuwa inamwangukia begani na haiyeyuki. Nikaogopa, ndiyo. Lakini nilipomkaribia nikaona uso wake umechoka, uso wa mama yeyote aliyetembea mbali, na woga ukageuka kuwa aibu.

"Mama," nikasema, "umenisindikiza vya kutosha. Nisamehe. Rudi sasa."

Akafumba macho. "Asante, mutoto yangu. Nilikuwa nangoja useme." Akashusha pumzi. Halafu akaniuliza, taratibu, bila lawama, "Lakini nirudi kwa nani?"

Wewe ungejibu nini? Nikainua macho dirishani. Joselyne alikuwa amesimama na tumbo lake, peke yake kwenye kioo, na akilini nikamwona kwenye veranda ile ya mbao. Mimi niko kiwandani kwa saa kumi na mbili. Nyasi za kijani. Kimya. Watu wazuri wanampungia mkono asubuhi na magharibi.

"Bon," mama akasema, kwa kuwa sikujibu. Akageuka.

Ningefurahi angepotea kama moshi. Hakupotea. Alitembea. Alipita maduka ya kutuma pesa, alipita kanisani kwetu, anaburuta ile kandambili, akielekea kusini, na mimi nilimtazama mpaka taa za magari zikamficha.

Nilipanda nikamwambia mke wangu kwamba nyumba ni nzuri kuliko ilivyo kwenye picha, na hatuendi. Nikamweleza kwa nini. Alilia, maana na yeye alishaipenda. Kisha akampigia simu Bwana Ray yeye mwenyewe. Nilimsikia anamwomba kitu kimoja kwa Kiingereza chake: aweke jiwe lenye jina pale nyuma ya kanisa. Bwana Ray akasema jina hakuna aliyelijua kuliandika.

Binti yetu alizaliwa mwezi wa kwanza, na tungali hapa juu ya duka. Jamaa wa ngoma hajajifunza bado. Mimi ni yule yule wa kucheka, ukiniuliza nitakwambia bado nautaka uwanja. Lakini kitu kimoja kilibaki kusini na hakijarudi. Nikiwa barabarani peke yangu siwezi kutazama kioo cha nyuma. Na kila nikikutana na Mkongomani wa Columbus namuuliza, wewe, mama yako mlimwacha wapi? Wengine wamekasirika. Mmoja aligeuka akashuka ngazi za kanisa, sikumwona tena.

Basi nakuonya wewe unayetafuta mji mdogo wa kulelea familia. Uliza kuhusu shule na kazi, uliza. Lakini kabla hujasaini, tembea mtaa mzima umhesabu mtu mmoja, mmoja tu, atakayekaa na mkeo akilia. Ukikosa, panda gari urudi, hata kama nyumba ina veranda.

Na kama unayesoma ndiye mtoto wake, uko Columbus, kazi zimekubana, sikulaumu. Mimi nilimwacha barabarani kwa sababu ya simu. Ila kutoka mlangoni kwako mpaka pale nyuma ya kanisa ni saa tano kwa gari. Yeye mwendo huo aliutembea kwa miguu.