Mguu wa Nne wa Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilianguka chali mbele ya wanaume sita. Nilikuwa nimekwenda kwenye karakana moja mjini Kitale kuomba kazi ya kushona vitambaa vya viti vya magari, maana cherehani nilikuwa nimeizoea tangu utotoni. Msimamizi wa mafundi, ambaye sote tulimwita Foreman, hakuniuliza lolote kuhusu cherehani. Alinionyesha kiti cha gari la familia na kipande cha sakafu ya gari kuukuu, akaniambia nikifunge kiti pale kisha nikikalie. Nilikisukuma, kikalia ka, nikakaa na kuitengeneza leso yangu.

"Kimeshika?" akauliza.

"Kimeshika, Foreman. Nimesikia kikilia."

Akazunguka nyuma, akavuta mgongo wa kiti kwa mkono mmoja. Nikaenda chini pamoja na kiti, miguu juu. Wanaume wale walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Foreman hakucheka.

"Umesikia, lakini hukuvuta," alisema. "Kesho uje saa moja."

Hivyo ndivyo mimi, ambaye leo mnaniita Mama Rehema wa pale karibu na msikiti wa Bungoma, nilivyoingia kwenye kazi ya viti. Nilishona kwa miezi michache tu. Foreman aligundua kwamba mikono yangu ni midogo na inaingia chini ya kiti mahali ambapo mikono ya wenzangu ilikwama, basi akanitoa kwenye cherehani na kunipigisha magoti sakafuni. Huko ndiko nilikokaa maisha yangu yote ya kazi. Watu wa mtaani walidhani ninafua mazulia ya magari, nami sikujisumbua kuwaeleza.

Ninyi mnaoendesha magari haya ya familia siku hizi, yale ya safu tatu, mnavuta wenzo mkidhani mnahamisha stuli ya jikoni. Kiti cha safu ya kati kina miguu minne. Kila mguu unaingia kwenye tundu lililo sakafuni, na ndani ya tundu kuna komeo, yaani ulimi wa chuma unaouma mguu na kuuzuia usinyanyuke. Mbele kuna wenzo wa kufungulia makomeo yote kwa pamoja, na kando ya wenzo kuna alama ndogo nyekundu. Alama ikionekana, kiti hakijafungwa. Ikijificha, kiti kimefungwa. Hivyo ndivyo kitabu cha gari kinavyosema, na kitabu hakijawahi kufika Trans Nzoia wakati wa mavuno.

Kwetu gari la familia lina kazi mbili. Jumapili linapeleka watu kanisani, au Ijumaa msikitini, na siku nyingine viti vinatolewa, magunia ya mahindi yanaingia. Magunia yanavuja. Punje moja ikidondoka ndani ya tundu, mguu unaikanyaga na komeo halifiki mwisho. Wenzo unashuka kama kawaida, kiti kinalia ka, alama nyekundu inajificha kwa sababu imeunganishwa na wenzo, si na mguu. Kila kitu kinakuambia uko salama, na wewe umekalia punje ya mahindi.

Kwa hiyo Foreman alikuwa na sheria yake. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono juu, injini imezimwa, watoto wote nje, maana vidole vya watoto hupenda reli, ile ambayo kiti huteleza juu yake mbele na nyuma. Safisha matundu kwa waya na brashi. Shusha kiti. Kisha kamata kila mguu peke yake, vuta juu kwa nguvu zako zote, na useme kwa sauti: moja imeshika, mbili imeshika, tatu imeshika, nne imeshika. Baada ya hapo ndipo utazame mkanda, kama umetokea upande wake, maana ukibadilisha viti nafasi mkanda wa ukutani haukufuati. Na mgongo wa kiti usilazwe sana, kwa sababu anayelala anateleza chini ya mkanda gari likifunga breki.

"Foreman, kwa nini tuseme kwa sauti? Si ni kama watoto wa nasari?" nilimuuliza siku moja.

"Kichwa kinadanganya," alijibu. "Kinakuambia umefanya kitu kwa sababu jana ulikifanya."

Nilimwona ni mzee mwenye makuu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikijua kila kitu.

Foreman alipostaafu, nilihamia Bungoma, kwenye karakana kubwa iliyokuwa na Meneja, kijana mwenye tai na simu mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa kwa wakati na hakututukana. Ila alipenda magari yatoke haraka, na aliponisikia nikihesabu miguu alitabasamu akawaambia wateja, "Huyo ni Mama wa Moja Imeshika." Wateja wakacheka, nami nikacheka. Polepole sauti yangu ilipungua. Mwishowe nikawa nahesabu kwa midomo tu.

Asubuhi moja, baada ya mavuno, alikuja Mwalimu mmoja anayeishi upande wa Kibabii. Alikuwa amebeba mahindi kwa wiki nzima na sasa alitaka viti vya kati virudishwe, kwa sababu walikuwa wanapanda Kapsokwony, kule mlimani. Binti yake aliyeolewa huko alikuwa amejifungua. Katika safari walikuwamo mama yake Mwalimu, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi, na mjukuu wa Mwalimu wa miaka sita aitwaye Naliaka, aliyemwita Mwalimu Guka, yaani babu. Kukhu alikuwa na goti lisilokunjika, kwa hiyo kiti chake, cha kushoto, nilikirudisha nyuma kwenye reli ili anyooshe mguu. Nikakivuta chote, nikaridhika. Kisha nikaingia upande wa kulia, kiti cha Naliaka, nikapitisha brashi matunduni haraka haraka.

Nilivuta mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Meneja akaniita.

"Mama Rehema, kuja kidogo. Huyu mteja anasema ile kava ulimwekea si hiyo."

Nilikwenda. Tulibishana kuhusu kava, nikashinda, nikarudi na uso mkavu. Alama nyekundu ilikuwa imejificha. Nilifuta sakafu, nikaufunga mlango, nikampungia Kukhu mkono. Wakaondoka saa tano.

Karibu saa sita nilikuwa kwenye gari lingine, mimi na fundi mwenzangu. Nilivuta mguu wa mwisho na bila kutaka nikasema kwa sauti, "Nne imeshika." Neno lile likanisimamisha. Sikukumbuka kulisema kwa kiti cha Naliaka. Sikukumbuka hata kuinama tena baada ya kurudi kwa Meneja. Niliukumbuka mguu wa tatu vizuri, ulikuwa na kutu kidogo. Wa nne sikuukumbuka hata kidogo.

Nilipiga simu ya Mwalimu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Nikamfuata Meneja.

"Ile alama nyekundu si ilijificha?" akaniuliza.

"Ilijificha."

"Sasa shida iko wapi? Pengine ulivuta na umesahau. Rudi kazini, Mama."

"Na kama sikuvuta?"

Akashusha sauti. "Ukiwakimbilia na pikipiki hadi Kapsokwony, utakuwa umeambia Bungoma yote kazi yetu ni mbaya. Na ukute kiti kiko sawa. Watakuchekelea."

Nilitamani wanichekelee. Sijawahi kutamani kitu hivyo. Nilivua aproni, nikaenda stendi ya bodaboda. Kijana wa pikipiki aliponiona na leso yangu alinisalimu kwa Sheng kama mama yake, "Niaje mathe, unaenda soko?" Nilipomwambia Kapsokwony alinitazama mara ya pili.

Watu husema ajali haina kinga. Msemo huo naujua na siupendi. Siku ile kinga ilikuwa mimi, nililipwa mshahara kwa ajili hiyo. Hadi Kimilili nilijifariji kwamba barabara ni nzuri. Baada ya hapo mlima ukaanza, na kila kona nilitazama korongoni kabla ya kutazama barabara. Niliona gari jeupe kama la Mwalimu limeegemea ukingo wa barabara, kumbe ni la muuza viazi. Nilianza kuzungumza na Mungu kwa namna ambayo sheikh wetu asingeikubali, nikimwahidi hiki na kile, kama mtu anayepatana bei. Kijana akaniambia, "Mathe, shika vizuri, unanikwaruza mbavu."

Tukiulizia njia, tulifika kwa wakwe wa binti yake Mwalimu kama saa nane. Gari lilikuwa uani, kwenye mteremko, zima, milango wazi, kuku wanapita chini yake. Naliaka alikuwa anakimbizana na watoto wa pale. Nikashikilia nguzo ya lango.

Ungedhani sasa ningekwenda moja kwa moja kwenye kiti. Lakini nilikuwa mgeni kwenye boma lenye mama aliyejifungua. Baba mwenye boma alinisalimu, mama mwenye boma akanisalimu, nikaulizwa habari za Bungoma, za mvua, za watoto wangu ambao hawakuwajua. Nikaketishwa. Nikapewa maziwa ya kibuyu, nikapewa mtoto nimpakate. Nilimpakata kitoto kile cha siku nne huku macho yangu yako nje, kwenye gari, nikihofia Naliaka asije akapanda na kuchezea humo. Kukhu ndiye aliyeniokoa.

"Huyu mama hakukuja kuona mtoto," alisema. "Mwalimu, mpeleke anakotaka."

Mwalimu alilisogeza gari mahali tambarare, akavuta breki, akazima injini. Niliinama. Nikasema kwa sauti, boma zima likisikia: moja imeshika. Mbili imeshika. Tatu imeshika. Nikashika mguu wa nne, wa nyuma karibu na mlango, nikavuta. Ukanyanyuka mkononi mwangu bila kubisha. Ndani ya tundu kulikuwa na punje moja ya mahindi meupe, imepondeka upande.

Niliitoa kwa waya nikamwonyesha. Nilisema, "Mwalimu, ni mimi. Miguu mitatu niliivuta, huu sikuuvuta. Niliitwa, nikarudi, nikafunga mlango."

Nilimsubiri anifokee. Alikuwa na haki hiyo, na mimi nilikuwa nimejiandaa tangu Kimilili. Hakunifokea. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akavua kofia.

"Mtoto alisema," aliniambia. "Kule juu kuna ng'ombe waliingia barabarani, nikafunga breki. Akasema, Guka, kiti kinacheza. Nikamwambia aache mchezo, akae kimya. Akakaa kimya mpaka hapa."

Nilisafisha matundu yote manane, ya viti vyote viwili, nikafunga, nikavuta. Kisha nikamwita Naliaka nikamwambia auvute mguu wa nne yeye mwenyewe. Alivuta kwa mikono miwili, uso umekunjamana. Akanitazama, akavuta tena. Hakuniamini, na alifanya vizuri.

Walipokuwa tayari kurudi, alisimama mlangoni asipande. Mwalimu alitaka kumbeba. Nilimwambia, "Mwache. Kiti hicho nitakaa mimi." Nikamlipa kijana wa pikipiki akaenda zake. Naliaka akakaa nyuma yangu, amefungwa mkanda, na Kukhu kando yangu, mguu umenyooka, analala kabla hata hatujafika barabara kuu.

Nimesafiri mara nyingi maishani, lakini mteremko ule ndio naukumbuka jiwe kwa jiwe. Mikono yangu ndiyo iliyofunga kiti kile na mikono yangu ndiyo iliyokivuta, na bado niliogopa. Kila Mwalimu alipogusa breki nilikaza miguu sakafuni. Karibu na Kimilili mbuzi akakatiza, tukasimama ghafla, mkanda ukanibana kifua. Kidole kidogo kikanigonga begani kutoka nyuma.

"Bibi, kinacheza?"

"Hakichezi."

Akafikiri kidogo. "Una hakika?"

Nilimwambia ninayo. Akaendelea kuniuliza hivyo mpaka Bungoma, nami nikamjibu kila mara, kwa sababu siku hiyo alikuwa amenyamazishwa vya kutosha.

Meneja hakuzungumza nami kwa wiki mbili. Habari zilienea, na wateja kadhaa wakapeleka magari yao kwingine, sikuwalaumu. Mwalimu alirudi mavuno yaliyofuata. Alisimama nyuma yangu akihesabu pamoja nami, na nilipomaliza aliinama akavuta yote minne mwenyewe. Nami tangu siku ile nilihesabu kwa sauti ya kuamsha mtaa, na kabla ya kulirudisha gari lolote niliwauliza watoto kwanza kama kiti kinacheza, ndipo nikamuuliza dereva.

Nilifanya hivyo kwa miaka mingine kumi na moja. Watu wanadhani niliacha kazi kwa sababu ya magoti, na magoti kweli yamechakaa, lakini fundi wa viti anaweza kufanya kazi amelala ubavu. Niliacha kwa sababu nyingine. Tangu Kapsokwony, kila nilipoushika mguu wa nne, niliogopa kidogo kabla sijavuta. Niliizoea hofu ile, nikaichukia, nikaona ni adhabu yangu. Kisha asubuhi moja nilifunga kiti cha familia fulani, nikahesabu, moja, mbili, tatu, nne, nikafuta mikono, nikafika mlangoni ndipo nikagundua kwamba sikuogopa. Nilirudi nikavuta tena miguu yote minne. Yote ilikuwa imeshika, lakini hofu iliyokuwa ikinikumbusha mguu wa nne ilikuwa imeondoka. Kisha nikaenda kwa Meneja nikamwambia amtafute mtu mwingine.